JIKONI KWETU: Wamama wa Karelia na kiwanda cha soseji



Juma hili nilikuwa niandike juu ya kukausha sambaza, kama nilivyoahidi tangu mwezi uliopita. Sambaza zitangoja. Mama mmoja wa kikundi chetu ameleta neno ambalo haliwezi kungoja, na ameniruhusu niliandike bila kutaja jina.

Mume wake ni dereva. Mwezi wa pili alisikia kifua kinambana, akapelekwa kupimwa, akaambiwa damu yake ina mafuta mengi na tensio iko juu. Aliyempokea alimwambia maneno mawili tu: "Acheni mafuta." Hakueleza mafuta gani, kiasi gani, wala nani aache. Mama huyu ni mtu wa kutii. Alirudi nyumbani, akaondoa chupa ya mawese jikoni, akaanza kupika sombe kwa maji na chumvi kwa nyumba nzima: baba, watoto wakubwa, na mtoto wa miezi 14. Baba naye aliendelea kununua biskuti za paketi na mandazi barabarani, kwa sababu machoni pake hivyo si mafuta, ni mkate. Siku ya kupima uzito tukaona mstari wa yule mdogo umelala. Miezi miwili hakupanda hata kidogo.

Tulipomweleza, hakulia. Alikasirika. Akauliza mbele ya wote: "Mafuta ya ndani ya biskuti aliyatia nani? Si kiwanda? Kwa nini mimi peke yangu ndiye wa kupunguza, na kiwanda hakipunguzi?"

Nimebeba swali hilo juma zima. Ukweli ni kwamba kuna mahali ambapo viwanda vilipunguza, na kati ya waliovisukuma walikuwamo wamama wa chama kama chetu. Lakini kwanza tujue tunasema juu ya mafuta gani.

Asubuhi za baridi hapa kwetu mmeona chupa ya mawese inaganda, mpaka uiweke karibu na moto ndipo imiminike. Mafuta ya karanga hayafanyi hivyo. Kile kinachoganda ndicho wanganga wanachokiita kwa Kifaransa "graisses saturées". Hapa nitakiita mafuta yanayoganda. Yako mengi katika siagi, katika mafuta ya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe, katika maziwa yasiyotolewa mafuta, na katika mawese. Siagi na mawese zinakaribiana: karibu nusu ya kila moja ni mafuta yanayoganda. Mafuta ya karanga yana karibu sehemu moja kwa tano, ya alizeti sehemu moja kwa tisa hivi. Mafuta yanayotoka ndani ya kokwa ya ngazi, yale ya kutengenezea sabuni, yanazidi yote: sehemu nne kwa tano. Mtu mzima akila mengi ya namna hii miaka mingi, kolesteroli inapanda katika damu, mishipa ya moyo inazibika polepole, na siku moja moyo unakosa damu.

Sasa twende Ufini, nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya. Mashariki yake, karibu na mpaka wa Urusi, kuna jimbo linaloitwa Karelia ya Kaskazini. Ni nchi ya misitu na maziwa, na watu wake walikuwa wakata miti na wafugaji wadogo. Miaka ya 1960 wanaume wa Ufini walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa moyo kuliko wanaume wa nchi nyingine zilizopimwa wakati ule, na Karelia ilikuwa mbaya kuliko majimbo mengine ya Ufini. Hawakuwa wazee. Walikuwa na miaka 40 au 50, wenye nguvu za kukata miti, na wanaanguka msituni. Nyuma yao walibaki wajane na ng'ombe wa kukamua. Mwaka 1971 wakuu wa jimbo walitia sahihi barua ya kuomba serikali iwasaidie. Mwaka uliofuata kazi ilianza, ikiongozwa na munganga kijana, Pekka Puska.

Alikuta nini mezani? Siagi nzito juu ya mkate, na siagi tena ya kukaangia. Maziwa yenye mafuta yake yote, glasi baada ya glasi. Nyama ya nguruwe yenye mafuta, chumvi nyingi, mboga karibu hakuna. Wafini wenyewe wanatania kwamba mboga ya mwanaume ni soseji. Watu tisa kwa kumi walikuwa wanapaka siagi kwenye mkate, na mafuta ya mimea hayakujulikana jikoni. Tusiwacheke. Walikuwa wametoka katika vita na njaa, na siagi mezani ilikuwa alama kwamba umaskini umeisha. Sisi pia tunajua furaha ya mchuzi unaoelea mafuta siku ya sherehe. Mgeni akiona mafuta hayaonekani juu, anajiuliza kama alikaribishwa kweli.

Munganga Puska alijua kwamba kuwapiga kelele wakata miti hakutaleta kitu. Katika jimbo kulikuwa na chama cha wamama, Martat, ambacho tangu mwaka 1899 kilikuwa kinafundisha wanawake wa Ufini kupika, kulima bustani na kutunza nyumba. Puska na wenzake walikwenda kwao. Pamoja wakaanza kufanya karamu za kijiji, wakaziita karamu za maisha marefu. Hazikuwa mkutano wa kusomewa hotuba. Wamama walipika vyakula vile vile vya asili, lakini kwa namna nyingine, na kijiji kizima kikaja kula. Kuna mchuzi wa Karelia ambao zamani ulikuwa nyama ya mafuta, maji na chumvi. Wao wakapunguza nyama, wakatia viazi, karoti na mizizi mingine. Wanaume wakala, wakaomba tena. Karamu hizo zilifanywa kwa mamia.

Hapo ndipo inapoanza sehemu iliyonifanya nichukue kalamu. Wamama waliporudi nyumbani na mapishi mapya, walikwenda dukani kutafuta vitu na hawakuvipata. Maziwa yenye mafuta kidogo yalikuwa shida kuyapata. Mafuta ya mimea ya bei nzuri, vile vile. Soseji zote zilikuwa za mafuta. Utamfundisha mtu mpaka uchoke, lakini kama duka halina, atarudi kwenye siagi. Basi wale wa mradi wakaanza kugonga milango ya viwanda. Viwanda vya maziwa vikaanza kuleta maziwa yaliyopunguzwa mafuta. Watengeneza mikate wakaombwa wapunguze chumvi. Na kiwanda cha soseji cha pale jimboni kikakubali kuondoa sehemu ya mafuta ndani ya soseji na kutia uyoga mahali pake, uyoga ambao katika misitu ile umejaa.

Msidhani mambo yalikuwa laini. Karelia ni nchi ya ng'ombe, na siagi ndiyo ilikuwa pesa ya mfugaji. Alilipwa kwa kadiri ya mafuta yaliyo ndani ya maziwa yake. Ukimwambia mke wa mfugaji asipake siagi, unamwambia akate mkono unaomlisha. Wenye siagi walipinga kwa nguvu, kwenye magazeti na mbele ya wakubwa wa serikali. Hata sheria ilikuwa upande wao, kwa kuwa ilikataza kuchanganya siagi na mafuta ya mimea katika kopo moja. Ilibidi sheria ibadilishwe. Ilibidi pia mfugaji apewe njia nyingine ya kuishi. Hesabu ya bei ya maziwa ikageuzwa, protini ikapewa uzito zaidi. Wengine wakasaidiwa kulima matunda madogo ya kule, yale mekundu na meusi yanayostahimili baridi, na matunda hayo yakaingia viwandani na mezani kwa watu. Wataalamu wa mbegu wakatafuta aina ya mmea wa mafuta unaoitwa "colza" inayoweza kukomaa katika majira mafupi ya joto ya Ufini, ili nchi iwe na mafuta yake ya kupikia. Kwangu hapa ndipo palipo na akili ya jambo lote. Hawakuchukua mkate wa mkulima na kumwacha na nasaha tu.

Ilichukua miaka, si miezi. Katika miaka 40 vifo vya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika jimbo lile vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Si mafuta peke yake, kwa sababu walipunguza pia sigara na chumvi na wakatibu tensio. Lakini waliopima wanasema kushuka kwa kolesteroli ndiko kulikosaidia kuliko yote, na kolesteroli ilishuka kwa sababu meza ilibadilika.

Baada ya hapo nchi nyingine zilijaribu kwa njia zao. Uingereza ilianza mpango wa serikali mwaka 2008 wa kuzungumza na viwanda moja kwa moja. Kabla yake, mwaka 2006, kampuni ya Walkers ya viazi vya kukaanga vya paketi ilikuwa tayari imebadilisha mafuta ya kukaangia ikachukua ya alizeti, na mafuta yanayoganda katika viazi vyake yakashuka kwa asilimia 70 hivi. Mwaka 2013 Nestlé ilitangaza kwamba itabadilisha kile kinachojazwa ndani ya biskuti ya Kit Kat kule Uingereza, na kwa hesabu yake tani 3,800 za mafuta yanayoganda zitaondoka kila mwaka katika vipande zaidi ya bilioni moja. Denmark ilichukua fimbo: Oktoba 2011 iliweka kodi ya kroni 16 kwa kila kilo ya mafuta yanayoganda. Watu wakavuka mpaka kununua siagi Ujerumani, wenye maduka wakapiga kelele, na kodi ikafutwa baada ya mwaka mmoja na kidogo.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa kiwanda kina ujanja wake. Biskuti haiwezi kusimama bila kitu cha kuishika. Ukitoa mafuta, lazima utie kingine. Mara nyingi kinachotiwa ni sukari. Yogati iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina mafuta inaweza kuwa na sukari ambayo ungeogopa kuimwaga kwenye kikombe cha chai. Na zamani, majarini iliposifiwa kuwa afadhali kuliko siagi, viwanda vilikuwa vinachukua mafuta ya mimea yanayomiminika na kuyagandisha kwa kuyapitishia gesi ya hidrojeni. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mafuta hayo yaliyogandishwa kwa nguvu yanaharibu damu kuliko hata siagi. Denmark ikawa nchi ya kwanza kuyawekea sheria, mwaka 2003. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, OMS, likaziomba nchi zote ziyaondoe.

Na viwanda vilipoyaondoa, vilikimbilia wapi? Kwenye mawese, kwa sababu yanaganda yenyewe bila gesi. Kwa hiyo safari ikarudi kwetu. Wazee wa Kwilu wanakumbuka Leverville, leo Lusanga, ambako Mwingereza Lever alianza mwaka 1911 kukusanya ngazi za Congo kwa jasho la babu zetu, na wengi walipandishwa michikichi kwa lazima. Mafuta yakaenda Ulaya kuwa sabuni, na baadaye majarini. Leo tunaambiwa mafuta ya babu ni mabaya. Ninapofikiria hilo ninacheka kwanza, kisha ninanyamaza.

Basi mama wa dereva afanye nini, na sisi sote?

Kwanza mtoto arudishiwe mafuta yake, leo. Mtoto mdogo anakua kwa mafuta. Hata maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yake inatoka katika mafuta. Kipimo cha OMS cha kupunguza mafuta yanayoganda kinaanza kwa watoto wa miaka 2 kwenda juu, si chini yake. Kijiko cha mawese mekundu katika uji au katika sombe ya mtoto ni chakula, na ule wekundu ndio unaogeuka kuwa vitamini A ya kulinda macho. Yapo manyumba mengi hapa ambamo shida ni kukosa mafuta, si kuzidisha. Mama wa nyumba hiyo akisoma ukurasa huu asipunguze kitu.

Kwa mtu mzima mambo ni mengine, hasa anayekaa kitini au kwenye gari kutwa nzima. OMS inasema mafuta yanayoganda yasizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu yote ya chakula. Kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 22 kwa siku. Kijiko kimoja cha supu cha mawese kina gramu 7 hivi. Vijiko vitatu, mpaka umefika. Sasa hesabu chungu chako. Ukitia glasi ya sentilita 20 kwa watu saba, kila mmoja amepata gramu 13 kwa chungu kimoja tu, kabla ya mandazi ya asubuhi na biskuti ya saa nne. Ukitia nusu glasi na kuongeza karanga za kutwanga, sombe inabaki nzito na tamu. Nimejaribu kwangu, na mume wangu hakuuliza chochote mpaka nilipomwambia, ndipo akaanza kusema kwamba aliona kitu kimepungua.

Jambo moja linalodanganya wengi: kuacha mawese mekundu na kununua bidoni ya mafuta meupe. Soma kwanza kibandiko. Kikisema "huile de palme" au "oléine de palme", umenunua mawese yale yale yaliyosafishwa. Mafuta yanayoganda yamebaki mengi, na vitamini imeondoka pamoja na rangi. Umelipa zaidi ili upate pungufu. Ni hivyo hivyo kwa wanaounguza mawese jikoni mpaka yawe meupe. Na wauza mandazi wetu, nawaomba kwa heshima, yale mafuta yaliyokuwa meusi na yanayotoa moshi msiyaongezee mapya juu yake kesho. Mwageni. Najua ni pesa, na ndiyo maana tutazungumza namna ya kununua pamoja kwa jumla.

Kwa paketi, geuza upande wa nyuma. Vitu vinaandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukiona mafuta au sukari katika nafasi ya pili, umekwisha kujua. Ukiona maneno "partiellement hydrogénée", rudisha. Chini, kwenye jedwali, tafuta mstari "dont acides gras saturés" kwa gramu 100. Waingereza wanahesabu hivi: zaidi ya gramu 5 ni nyingi, gramu 1 na nusu kushuka ni kidogo. Kisha angalia mstari wa "sucres" usije ukakimbia chui ukaangukia kwa simba.

Na lile swali la mama, kwa nini kiwanda hakipunguzi? Kule Karelia kiwanda cha soseji kilianza kubadilika wakati watu walipokuwa tayari wanauliza dukani kitu kingine. Mwenye duka wetu hajasikia mtu hata mmoja anauliza. Depo anakonunua halijasikia. Kiwanda kitasikia kutoka kwa nani?

Kwa hiyo, kikundi cha likelemba cha Jumanne kimekubali jambo hili. Kila mama aje na paketi moja tupu ya kitu anachonunulia watoto, biskuti, majarini, mayonezi, chochote chenye kibandiko. Tutazisoma pamoja, na wasiojua kusoma Kifaransa watakaa kati ya wanaojua. Tutapika masufuria mawili ya sombe, moja kwa glasi nzima ya mawese na jingine kwa nusu glasi na karanga, na watakaoonja hawataambiwa ni lipi. Paketi itakayoonekana mbaya kuliko zote tutaipeleka kwa mwenye duka wa barabara yetu, wamama kumi kwa pamoja na vikwembe vyetu vya chama, tumwulize kama ana nyingine. Mama wa dereva ndiye atakayeongea. Mtoto wake atapimwa tena siku hiyo hiyo, kwa hiyo njoni mapema, mizani inafika saa mbili za asubuhi.

Sambaza, juma lijalo.